Mgeni wa Chumba cha Tanuri

9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikaa sana njiani na imefika imelowa. Huku tupo. Bomba la jikoni limepona, goti langu halijapona, na paka wa jirani kazaa tena kwenye kabati la rangi zangu. Mwenye kutaka kibao cha duka chenye herufi nyekundu itabidi asubiri watoto wa paka wafumbue macho. Mama yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Unajua sikio langu la kulia lilistaafu kabla yangu. Simu naisikia nikiiweka sauti ya juu, na nikiiweka sauti ya juu mama yako anasikia, jirani anasikia, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anajibu kabla yangu. Maneno ya polepole yanataka karatasi.

Ukumbi wetu wa sanaa unakwenda. Jengo lile la kiwanda cha mikate limetupokea vizuri, ila siku za mvua kuta bado zinanuka hamira, na wageni wanasifu picha huku wakiuliza mikate iko wapi. Mwezi uliopita tulikuwa na msanii aliyetuletea kanvasi nyeupe tupu, ukuta mzima, hakuna hata alama ya penseli. Mlinzi wetu, yule tunayemwita Ukimya kwa sababu hajawahi kunyamaza, alikuwa anawarudisha watu mlangoni: "Njooni wiki ijayo, picha hazijafika, zimetangulia fremu tu." Msanii alipoambiwa alifurahi sana, akasema hayo ndiyo maoni bora aliyowahi kupata. Mpaka leo sijui kati yao nani alimcheka mwenzake.

Sasa lile uliloniomba. Filamu uliyompiga mama yako nimeitazama. Ni nzuri. Lakini ukumbi una shida zake. Chumba chenye giza ni kimoja tu, kile cha tanuri, na paa lake linavuja. Halafu kuna foleni ya wasanii mpaka mwakani. Tungoje kidogo.

Mjomba wako, mpachika picha.


4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na goti, na hongera kwa watoto wa paka. Mimi mzima. Chumba changu kiko juu ya duka la kuchonga funguo. Mashine inalia mchana kutwa, nimeanza kuota niko kwa daktari wa meno. Kazi ya kufundisha sanaa inaendelea. Wanafunzi wangu wanaamini kila kitu duniani ni sanaa isipokuwa kazi ninazowapa wakafanye nyumbani.

Mjomba, paa halivuji. Nimemwandikia Mwenyekiti wa kamati yenu. Anasema liliezekwa upya mwaka jana, na wewe mwenyewe ndiye uliyeshika ngazi. Foleni nayo haijui.

Niambie sababu ya kweli. Mama alikubali. Umemwona mwishoni mwa filamu anavyoitazama kamera: "Nionyeshe popote utakapo, ila usinionyeshe sijachana nywele." Siku ile ndiyo ya mwisho nilikuwa naye akiwa yeye. Nataka mtaa umwone vile, si kama wanavyomwona sasa akipita na kiatu cheusi mguu huu na cha kahawia mguu ule.

Umesema ananisalimu. Alisema maneno gani hasa?

Likizo yangu mwaka huu ni fupi, sidhani kama nitaweza kufika.

Mpwa wako.


28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua imenyesha, jirani amepata kazi ya zamu, na mama yako ana hamu ya kula, jambo zuri, isipokuwa anakula halafu anatulaumu kwamba tumemnyima.

Haya, paa nimelisingizia. Lina haki ya kunidai radhi.

Sababu yenyewe ni hii. Aliyekubali ni dada yangu wa mwaka juzi. Huyu niliye naye leo sijamwuliza, na nikimwuliza asubuhi anakubali, mchana anakataa, jioni ananiuliza mimi ni fundi gani na nimekuja kutengeneza nini. Halafu fikiria alikokuwa akifanya kazi. Mtaa huu wote ulipita mbele ya meza yake pale mapokezi ya kliniki. Alijua nani kaja na vidonda gani, nani kalia kwenye korido, nani kaja na mume asiye wake. Hakutoa siri ya mtu hata mmoja. Mimi mdogo wake wa tumbo moja nilikuwa namchokoza, "Dada, nidokeze tu," ananiambia, "Wewe ukiugua nitakudokeza kwa wenzako?" Leo watu walewale wakae kwenye benchi kumtazama yeye?

Hayo nimeyasema kwenye kamati. Wamenisikiliza kwa heshima, kisha wakanishinda kwa kura. Filamu itaonyeshwa Mei. Na kwa kuwa vibandiko vya majina naandika mimi, wamenikabidhi na hicho. Umeiita "Mama, Kabla". Mtu akisoma hapo atauliza kabla ya nini, na jibu linatembea barabarani na viatu viwili visivyofanana. Badilisha jina, mpwa wangu. Hilo tu naomba.

Mjomba wako.


11 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Mashine ya funguo imeharibika na sasa ule ukimya ndio unaonikosesha usingizi. Wasalimie wote.

Jina libaki, kwa sababu ni la kweli. Kuhusu mtaa: mtaa unamtazama tayari, kila siku, tena bila benchi. Angalau humo ndani watatazama nilichokichagua mimi.

Sentensi hiyo nimeirudia kuisoma. Haikunipendeza, lakini nimeiacha.

Swali langu la Machi hujalijibu.

Mpwa wako.


19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole ya usingizi. Hapa wazima wa mwili. Kaa chini usome hii taratibu.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Mwenyekiti alihutubia mpaka juisi ikapata moto. Mama yako sikutaka aje, nikamwacha na jirani. Kosa langu ni kusahau kwamba jirani naye ana miguu na anapenda sherehe. Nikaona hao wanaingia, mama yako kapendeza, kachana nywele, viatu pea moja. Nilijiweka mlangoni mwa chumba cha tanuri kama golikipa. Akanipita kama wanavyonipita wote.

Unajua filamu yako inavyoanza. Mlango umefungwa, mama yako yuko nje anaita, "Hodi! Hodi humu ndani!" Kisha anaingia, anakaa, anaanza kusimulia ulivyokuwa ukichungulia watu kwenye tundu la kitasa. Wewe hukufikiria, mimi sikufikiria, na kamati nzima tuliijaribu ile projekta mara kadhaa bila mmoja wetu kufikiria. Mtu akipigiwa hodi hufanya nini?

"Karibu," akasema mama yako. Sauti ileile ya mapokezi. "Karibu mama, pita ndani, usisimame hapo."

Watu wakacheka, kwa mapenzi nadhani. Yule wa ukutani akaingia, akaongea ya kwake, filamu ikaisha, giza, ikaanza upya. "Hodi!" "Karibu mama." Ikaisha, ikaanza. "Hodi!" "Karibu, si nimeshasema karibu?" Vicheko vikapungua. Mwisho hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyejua pa kuweka macho. Mama yako akanigeukia. "Wewe kijana, huyu mama anakaribishwa, anakaa, nikipepesa macho yuko nje tena. Mnamtoa kwa mlango gani?"

Jirani akamshika mkono. "Twende, Bibi, tumechelewa."

"Niondoke na mgeni yuko mlangoni? Nani kakulea wewe?"

Ukimya alinyamaza. Niliyaona kwa macho yangu.

Ilibidi Mwenyekiti azime umeme wa jengo zima. Katika lile giza mama yako akasema, "Haya, kaenda zake, hata kuaga hakuna." Njia nzima alilalamikia malezi ya siku hizi. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi anavaa, anachana nywele, anasimama mlangoni na mkoba. Anasema anachelewa kazini.

Mjomba wako.


6 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Natumaini Mama pia.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshaona. Kuna mtu alirekodi kwa simu pale ufunguzini, kipande kikatembea mpaka kikafika huku. Nimelia. Halafu, Mjomba, nikajikuta natazama jinsi mwanga wa ukutani ulivyokuwa unamwangukia shavuni. Nakuambia hili kwa sababu wewe hukimbii ukiambiwa jambo baya.

Msimamizi wa maonyesho wa jumba kubwa la hapa ameniita. Wanaitaka filamu. Lakini wanaitaka pamoja na yeye akiijibu: ukuta mmoja anapiga hodi, ukuta wa pili anakaribisha. Wanasema nilikuwa na nusu ya kazi, Mama ndiye aliyeikamilisha. Nimekuwa nikisubiri kuitwa na watu hawa tangu nilipoondoka nyumbani.

Kile kipande cha simu ni kibovu, kimejaa visogo vya watu. Naweza kukutumia kamera ndogo. Unampeleka tena mbele ya filamu, unaiweka kwenye rafu ya tanuri, unabonyeza, unaondoka. Hatajua. Tafadhali, Mjomba.

Mpwa wako.


25 Juni

Mpwa,

Leo sina habari za paka.

Umeandika "hatajua". Lisome tena hilo neno, nawe mwenyewe uliache au ulifute, mimi silishiki.

Tangu Machi unaniuliza mama yako alikusalimu kwa maneno gani. Hakukusalimu. Salamu zote nilizokuandikia tangu mwaka jana nilizitunga mimi, kwa mkono wangu huu wa kuandikia vibao. Mama yako hajui kwamba ana mtoto. Jina lako nikilitaja ananitazama kwa huruma, kama mtu aliyekosea kliniki. Nilificha kwa sababu nilidhani utakuja na utajionea, na kuona kunauma vizuri zaidi kuliko kusoma. Wewe ukaleta habari za likizo fupi.

Kamati tumekutana. Filamu imefungwa kwa watu. Safari hii nilishinda kura, na Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuinua mkono, maana tangu siku ile hana raha. Lakini mama yako kila asubuhi mlangoni na mkoba, tufanye nini? Kwa hiyo Jumanne, siku ambayo ukumbi haufunguliwi, nampeleka namwashia. Yeye peke yake. Anamkaribisha mgeni wake mpaka achoke, tunarudi.

Jumanne iliyopita nilikaa naye. Akasikiliza hadithi zako zote, akaniambia, "Huyu mama bintiye kamjaa moyoni, hana habari nyingine. Binti mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema yuko mbali.

"Huwa anakuja kumwona?"

Mpwa wangu, nilimgeuzia sikio la kulia.

Kamera usitume. Ikija nitaipachika ukutani niandike kibandiko chini yake: haikutumika.

Mjomba wako.


2 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Najua umengoja. Sikuandika Julai kwa sababu ya hasira, na Agosti sikuandika kwa sababu nilikuwa nakuja.

Nilikuja, Mjomba. Jumanne moja ya Agosti. Nilipanga nifike siku ambayo ukumbi umefungwa, nikiwa na kamera kwenye begi. Nilimwambia mlinzi wenu natoka jumba la sanaa la mbali, na hilo halikuwa uongo kamili. Alinieleza historia ya tanuri tangu tofali la kwanza, akasema mzee wa vibao kamwacha Bibi hapo kidogo, kaenda kununua rangi. Kisha akanifungulia.

Mama alikuwa kwenye benchi. Akasogea kunipisha. "Kaa, mwanangu," akasema, nami nikadhani kanijua, mpaka nilipokumbuka kwamba pale mapokezi kila mtu alikuwa mwanangu, hata wazee waliomzidi umri.

"Begi zito hilo. Liweke chini, hapa hatuna wezi." Kabla sijajibu akalichukua yeye, akalisukuma chini ya benchi, akalikanyaga kwa miguu yote miwili asije akaliiba yeyote. Kamera ikiwa ndani.

"Hodi!" akaita yule wa ukutani. "Karibu mama," akajibu. Kisha akanipiga kiwiko, kwa sababu nimekaa tu kama gogo, nami nikasema karibu. Tukawa tunamkaribisha pamoja. Akaninong'oneza, "Anaongea mno, lakini mvumilie, ana mapenzi. Msikilize anavyomsema bintiye." Ukutani anasimulia nilivyojifungia chooni siku ya kwanza ya shule. Mama akacheka, na yule wa ukutani akacheka palepale, na mimi katikati.

Halafu akanigeukia. "Na wewe, mama yako yupo?"

Nikasema yupo.

"Mzima?"

Nikasema mzima.

"Sasa wewe unafanya nini hapa na watu usiowajua? Nenda kamsalimie mama yako. Mama hasalimiwi kwa kuambiwa kwamba yupo." Akainama kwa taabu, akanitolea begi, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akanipa.

Nikaenda. Nilipita mbele ya nyumba yetu. Dirisha la chumba chake lilikuwa wazi na pazia limefungwa fundo, kama alivyokuwa akilifunga zamani. Nilisimama ng'ambo, karibu na fundi viatu, mpaka akaniuliza kama nimeleta kiatu. Nikapanda gari la mchana.

Jumba kubwa nimewaandikia kwamba sina kazi ya kuwapa. Wamejibu kwa upole. Filamu izime, Mjomba, au mwashie yeye tu, utakavyoona. Mimi sitamwonyesha tena kwa mtu.

Usinigombeze. Nilitaka kumwambia mimi ni nani. Niliogopa atanijibu kwa adabu.

Mpwa wako.


20 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako alikuwa na mafua, yameisha. Jirani kahamishiwa zamu ya asubuhi. Mwezi huu ukumbini kuna mfinyanzi, na Ukimya anawakataza watu kugusa vyungu kwa hotuba ndefu kiasi kwamba hakuna anayebaki na nguvu ya kugusa.

Barua yako niliisoma nimekaa, kisha nikaisoma nimesimama. Sikugombezi. Ningekuwa na nguvu hizo ningeshughulika na goti.

Nakuambia mapema tu ili usije ukanilaumu: hatakujua. Usije na matumaini ya sinema, kwamba atakutazama machoni na kulitaja jina lako huku mvua ikinyesha. Atakuuliza wewe ni nani. Utamwambia. Atafurahi kweli, atakwambia una bahati ya kuwa na mama. Kabla chai haijapoa atakuuliza tena. Adabu unayoiogopa ndiyo iliyobaki kwake, na mimi naila kila siku, asubuhi ananiita kijana na jioni ananiita fundi, na sijafa. Kuna siku anakosea ananiita mdogo wangu, halafu anaomba radhi.

Lakini mama yako alikutuma. Hakuwa yule wa kwenye filamu, hakuwa yule wa mwaka juzi. Alikuwa huyu wa sasa, alikwambia kwa mdomo wake nenda kamsalimie mama yako, akakupa na begi mkononi. Wewe ukaenda mpaka mbele ya nyumba uliyotumwa, ukageuza. Mimi nilikuwa naye jioni ile na jioni zote zilizofuata, na hiyo salamu haijafika. Wala siwezi kukufikishia. Za kutunga nimeacha.

Mtoto akitumwa huenda. Hachagui atakavyopokelewa.

Mjomba wako.